Joto Lipate Pa Kutokea

Somo: 1 Wafalme 19:1–8



Wanaotunza magari madogo ya zamani, hasa Mini ya Uingereza, wanaijua adha ya gari kuchemsha. Likipanda mlima mrefu au likikwama kwenye foleni mchana wa jua kali, mshale wa joto unapanda, na mwenye gari anawaza mara moja kununua rejeta mpya, tena kubwa kuliko ya awali. Naomba tulitazame wazo hilo wiki hii, maana hivyo hivyo ndivyo tunavyowatendea watu waliochoka.

Mini ilizinduliwa mwaka 1959. Mgogoro wa Mfereji wa Suez wa 1956 ulikuwa umeleta uhaba wa petroli, na Alec Issigonis akatakiwa kubuni gari dogo lisilokula mafuta mengi. Aliiweka injini kukingama ili gari la urefu wa mita 3 hivi litoshe watu wanne. Rejeta ikasogezwa ubavuni, na feni ikawa inasukuma hewa itokee upande wa gurudumu. Kwa hiyo hewa inayotegemewa kuipoza injini imekwisha kupita penye injini hiyo hiyo na kupata moto. Ilikuwa hivyo hadi 1996, matoleo ya mwisho yalipowekewa rejeta mbele.

Ndiyo maana fundi mzuri haanzii dukani. Anauliza kwanza: themostati inafunguka? Mkanda wa feni umelegea? Kifuniko cha rejeta bado kinashika presha? Gasketi ya silinda hedi imeungua? Tena bloku ya Mini ni ya chuma, na kwa miaka mingi imejaa kutu na matope ndani. Ukifunga rejeta mpya bila kuisafisha bloku hiyo, uchafu ule ule utakuja kuiziba na hiyo mpya.

Hata ukubwa nao una mipaka yake. Rejeta nene yenye safu nyingi za mirija inabeba maji mengi, lakini feni ile ile ya zamani inaweza kushindwa kupenyeza hewa. Ya alumini ni nyepesi na inapoza vizuri, ila inadai kulanti inayoifaa, na ikitoboka si kila fundi anaweza kuichomelea. Kwa gari la safari za kawaida, mimi ningechagua ya shaba yenye kipimo cha asili, kwa kuwa inazibuliwa na kuzibwa kwa risasi, kisha inarudi kazini.

Wala joto lenyewe si kosa. Hata injini nzima kabisa, sehemu kubwa ya nguvu ya petroli yake huishia kuwa joto. Injini iliyopoa kabisa ni ile isiyofanya kazi.

Ndivyo ilivyo kwa mtu anayetumika. Sasa mtazameni nabii Elia. Ametoka kwenye ushindi wa Karmeli, anamkimbia malkia Yezebeli, ameketi chini ya mretemu akiomba afe. Mungu hakumkemea. Hakumpa mahubiri, wala hakumletea nabii mwingine achukue nafasi yake siku ile. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akaamshwa, akala mara ya pili. Ndipo akapata nguvu za kutembea siku 40 mpaka Horebu, na huko ndiko alikoambiwa habari za Elisha, ambaye angechukua nafasi yake. Mungu alijua kilichompungukia mtu wake, akaanza na hicho.

Sisi je? Mama wa kwaya akianza kufoka mazoezini, tunasema ana roho ya hasira. Mzee wa kanisa akikosa vikao, tunasema amerudi nyuma. Tunawaagiza waje kwenye mkesha, na papo hapo tunawakabidhi kamati ya ujenzi. Maombi ni ya lazima, nayahimiza kwa moyo wote. Lakini yupo anayeuguza mzazi usiku kucha na kuripoti kazini alfajiri, na kanisa lake, mahali pekee pa kupumulia, linamwongezea mzigo. Hapo hatumtendei haki.

Ndugu zangu, wiki hii kabla hujampa mtu jukumu jingine kanisani, nenda nyumbani kwake. Muulize analala saa ngapi, na nani anamsaidia. Kisha mwondolee jambo moja, ulifanye wewe.