Ukingo wa Darini na Abiria wa Pikipiki

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8; Luka 10:25–37



Mwezi huu nawaletea sheria moja ndogo ya Musa, ambayo nadhani wengi wetu tumeipita upesi tulipokuwa tukisoma. Pale Musa awaagiza Waisraeli kwamba mtu ajengapo nyumba mpya, aizungushie dari yake ukingo. Na sababu aieleza papo hapo: mtu akianguka kwa kukosa ukingo huo, damu yake itakuwa juu ya nyumba ile.

Sisi wa Bukoba na Muleba twaweza kushangaa. Mushonge wa mababu zetu haukuwa na dari ya kutembelewa. Nyasi zilishuka kutoka kileleni hata karibu na ardhi, na aliyepanda juu yake alikuwa fundi wa kuezeka tu. Lakini nyumba za Wayahudi zilikuwa na paa bapa. Juu yake watu walilala wakati wa joto. Huko Rahabu alianika kitani akawaficha wapelelezi, na huko Petro alipanda kusali alipokuwa Yafa. Darini palikuwa mahali pa kupokea wageni, na mwenyeji aliyemkaribisha mtu juu alikuwa amepokea na uhai wake.

Angalieni jambo moja. Sheria hii haimwambii mgeni ajihadhari. Yasema na mwenye nyumba. Tena haimngoji mtu aanguke ndipo itafute mwenye kosa. Yataka ukingo ujengwe mapema, wakati nyumba ingali mpya na hakuna aliyeumia.

Katika siku zetu dari hiyo ni kiti cha nyuma cha pikipiki. Tangu Rwamishenye hata Kemondo, tangu Muhutwe hata Nshamba na Rubya, hakuna nyumba isiyoitegemea. Mama mwenye uchungu hupelekwa hospitali kwa pikipiki. Mtoto wa shule, mkungu wa ndizi, gunia la kahawa, hata Mchungaji na Biblia yake, wote hupita juu ya kiti kile. Basi yatupasa tuulize: ukingo wake uko wapi?

Kabla sijawafundisha wengine, niseme kosa langu. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kasisi kijana, nilipewa pikipiki ya kuzungukia makanisa ya vijijini. Pamoja nayo nilipewa kofia ngumu moja. Jumapili moja ya mwezi wa Aprili nilikuwa nikitelemka upande wa Kamachumu kwenda kutoa Ushirika Mtakatifu. Nyuma yangu alikaa mwinjilisti wetu, mtu wa makamo, amepakata mkoba wa vyombo vya Ushirika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, nasi tulikuwa tumechelewa. Katikati ya mteremko niliona tope mbele, nikakanyaga breki kwa nguvu kama nilivyozoea nikiwa peke yangu. Lakini sikuwa peke yangu. Uzito wa nyuma ulitusukuma, tairi likateleza, tukaanguka. Mimi niliinuka na mchubuko wa kiwiko. Mwinjilisti hakuinuka. Kofia ilikuwa moja, nayo ilikuwa kichwani mwangu.

Alilala hospitalini majuma matatu. Alipona kwa neema ya Mungu, lakini sikio lake la kushoto halikusikia tena, na tangu siku hiyo hakuweza kusoma somo kanisani bila kichwa kumwuma. Alinisamehe kabla sijamwomba. Aliniambia, "Waitu, Mchungaji, mimi ndiye niliyesema twende upesi." Msamaha wake niliupokea. Lakini nilipoisoma tena sheria ya ukingo, nilijua kwamba mwenye nyumba siku ile nilikuwa mimi.

Wapo wasemao kwamba kofia ngumu ni jambo la trafiki tu, la kuvaliwa penye askari na kutundikwa kwenye usukani akishapitwa. Hao wasikilize habari hii. Mwezi wa Mei 1935, huko Uingereza, mwanajeshi mashuhuri T. E. Lawrence alianguka na pikipiki akiwakwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli. Hakuwa na kofia, akafa kwa jeraha la kichwa baada ya siku chache. Mmoja wa madaktari waliomhudumia aliitwa Hugh Cairns. Kifo kile hakikumtoka moyoni. Alichunguza ajali za wapanda pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akaandika akionyesha jinsi kofia inavyookoa maisha. Tangu hapo wengine wengi wamechunguza. Mwaka 2008 matokeo ya uchunguzi wa namna hiyo yalikusanywa pamoja, ikaonekana kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa kadiri ya asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwani kwa kadiri ya asilimia 69. Sheria ya nchi yetu nayo yataka ivaliwe na wote wawili, dereva na abiria. Basi kofia ya pili ndiyo ukingo wa kwanza.

Sasa niseme na watu watatu.

Kwanza, wewe dereva. Kazi yako ni kazi halali, na vijana wengi wa kanisa letu hulisha wazazi wao kwa kazi hiyo. Nakuomba ujione kama yule Msamaria. Yeye alimwinua mtu aliyejeruhiwa, akampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe, akamfikisha salama nyumbani mwa kulala wageni. Huyo alikuwa abiria, naye Msamaria hakuona kwamba kazi yake imekwisha kwa kumpakia tu.

Abiria apandapo, shika breki na uweke miguu yote miwili chini, wala usiondoke kabla hajakaa vizuri. Mwonyeshe mahali pa kukanyaga, na umwonye juu ya bomba la moshi, maana wengi wana makovu ya moto miguuni. Kumbuka kwamba mwenye mtu nyuma hasimami upesi kama aliye peke yake. Basi acha nafasi kubwa mbele yako, punguza mwendo mapema, na ushike breki zote mbili kwa utaratibu. Upandapo mlima, mzigo wa nyuma huufanya usukani kuwa mwepesi. Usivute mafuta kwa ghafula. Tazama upepo wa tairi la nyuma kila asubuhi. Siku ya mvua, udongo wetu mwekundu huteleza kama sabuni. Afadhali ufike umechelewa. Na kama umekunywa rubisi, hata bilauri moja ya heshima msibani, mwambie abiria ukweli na umtafutie mwenzako.

Pili, wewe abiria. Ukingo haumsaidii mgeni anayeuruka. Wengine huikataa kofia wakisema inanuka jasho au itaharibu nywele za harusi. Neno la jasho ni kweli, nalo lina dawa: chukua kitambaa safi ufunge kichwa kwanza, au nunua kofia yako mwenyewe, kama ununuavyo mwavuli. Ifunge kamba chini ya kidevu, kwa sababu kofia isiyofungwa hutangulia kuanguka. Kaa karibu na dereva, mshike kiunoni au shika chuma cha nyuma. Mfikapo kwenye kona, lala pamoja naye. Ukijivuta upande wa pili utamwangusha. Na akienda mbio, una kinywa. Mwambie, "Mwanangu, punguza." Asipokusikia, shuka. Nauli ya kutembea kwa miguu ni jasho tu.

Hapa nina neno kwa wazee wa kanisa. Mama zetu wengi hukaa upande, miguu yote imening'inia kushoto, kwa sababu ya heshima ya gauni na kitenge. Ncha ya kitenge ikinaswa na cheni au gurudumu, mama huvutwa chini. Tena akaaye upande hana cha kubana magoti, na uzito wake huelemea upande mmoja. Mara nyingi ni sisi tuliowatia hofu kwamba mwanamke akikaa kama mwanamume ni aibu. Nasema kama mchungaji wenu: mama avae suruali ndani ya gauni, akunje kitenge chake, akae akitazama mbele, afike ibadani mzima. Bwana wetu aliwakemea waliowatwika watu mizigo mizito ambayo wao hawakuigusa hata kwa kidole. Tusiwe miongoni mwao.

Tatu, wewe mwenye pikipiki. Wengi wenu hamjawahi kuiendesha. Mmeinunua kwa fedha za kahawa au za mshahara, mkampa kijana kwa mkataba, naye huwaletea hesabu kila jioni. Lakini sheria ya Musa yasema na mwenye nyumba. Ukimwekea kijana hesabu ambayo hawezi kuipata bila kukimbia na kupakia watu watatu, hujajenga ukingo. Ukimpa pikipiki yenye tairi kipara na kofia moja, hujajenga ukingo. Ukimtoza hesabu siku ya mvua kubwa kama siku ya jua, umemsukuma mwenyewe ukingoni mwa dari. Fedha ile ukiileta kama sadaka, iangalie kwanza.

Na sisi wa Kagera hatuna haja ya kuelezwa habari ya kupakia kupita kipimo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka kwetu ikapita Kemondo, ilizama karibu na Mwanza. Ilikuwa imechukua watu kupita kiasi, na mamia walikufa. Katika vijiji vyetu bado wapo waliobaki yatima siku ile. Kila mmoja aliyepanda alidhani kwamba mtu mmoja zaidi hawezi kuizamisha meli. Basi tuonapo pikipiki moja ina dereva, mama, watoto wawili na mkungu wa ndizi, nasi twacheka na kuwaita mishikaki, tukumbuke kwamba tulilia kwa jambo hilohilo.

Najua mtu atasema, "Mchungaji, siku zetu zimo mkononi mwa Mungu. Kofia itaongeza nini?" Ni kweli zimo mkononi mwake. Lakini Shetani alimpandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe, tena akamtolea na zaburi ya kuthibitisha kwamba malaika watamdaka. Bwana wetu alikataa. Hakukosa imani kwa Baba yake. Alijua kwamba kumjaribu Mungu si kumtumaini. Anayemwomba Mungu amlinde safarini, kisha akaacha kofia nyumbani, ameomba kwa kinywa na kujitupa kwa mwili. Na mbaya zaidi ni yule anayemtupa mwenzake.

Basi nina ombi. Vijana wetu wakifunga ndoa, twawapa sufuria, vitenge na godoro. Tuongeze kofia ngumu mbili, ya mume na ya mke. Wazee wa kanisa na Umoja wa Akina Mama walizungumze jambo hili katika mikutano yao. Na kila mwenye pikipiki anayekuja ibadani aje na kofia ya pili, hata kama njiani hana abiria. Huenda akamkuta mmoja, kama Msamaria alivyomkuta.

Mwinjilisti wangu amekwisha kulala katika Bwana, kwa uzee wake. Mpaka mwisho alipoketi kanisani aligeuza kichwa, ili sikio la kulia limwelekee mhubiri. Kila nilipomwona akigeuka vile nilipata hubiri langu mwenyewe, na leo nimewagawia ninyi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyepanda mwana-punda kuingia Yerusalemu kwa mwendo wa upole, wafundishe wanaotuchukua njiani wajue thamani ya wanaowachukua. Wape wenye mali huruma, wape abiria ujasiri wa kusema, na utusamehe sisi tuliowaangusha wenzetu kwa haraka yetu. Wote watokao asubuhi, uwarudishe jioni nyumbani kwao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi Kasisi wenu.