Wimbo wa Taifa ni Sala

Kila asubuhi ya shule watoto wetu wa Korogwe na Handeni, kama wenzao wa nchi nzima, husimama wima mbele ya bendera wakauimba Wimbo wa Taifa. Wauimba kwa moyo, nasi twafurahi kuwasikia. Lakini ni wazazi wangapi waliopata kukaa na kuyapima maneno yake? Yafaa tuyapime leo, maana yana mafundisho makubwa kwa watu wanaoishi juu ya ardhi moja.

Kwanza, shairi hili ni sala. Asili yake ni wimbo wa dini uliotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni huko Johannesburg, Afrika ya Kusini. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilikuwa imekwisha kuuchagua, kwa maneno ya Kiswahili, uwe wimbo wake. Basi kila auimbaye anamwomba Mwenyezi Mungu, ajue asijue. Naye asaliye hana budi kujua anaomba nini.

Pili, tutazame jambo ambalo wimbo huu umeliacha. Mashairi mengi ya kusifu nchi husifu milima, mito na mashamba. Mtungaji angeweza kuitaja milima ya Usambara au mto Pangani, wala asingekosa sababu. Lakini wimbo wetu hautaji mlima wala mto, hautaji kabila wala ukoo. Wawataja watu: viongozi, wanawake, wanaume na watoto. Tena ubeti wa kwanza waiombea Afrika nzima, ndipo ubeti wa pili uiombee Tanzania. Nazo fadhila unazoziomba wazifananisha na ngao, wala si na mikuki. Ngao haimjeruhi mtu. Humkinga aliye nyuma yake.

Je, ardhi si kitu basi? Hasha! Ardhi ni chakula cha watoto na kaburi la wazee. Lakini Sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi, yafundisha kwamba ardhi ni mali ya Mungu, nasi juu yake tu wapitaji. Hata sheria za ardhi za nchi yetu za mwaka 1999 zasema kwamba ardhi yote ni mali ya umma, naye Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Mwenye shamba ana haki ya kulitumia na kulindiwa. Hana haki ya kusema kwamba nchi ni ya ukoo wake peke yake.

Korogwe ni shahidi wa jambo hili. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yake yakataka mikono mingi. Wakaja manamba kutoka Unyamwezi, Uha, Ubena na kwa Wamakonde. Wengi hawakurudi kwao. Walioa hapa, wakazaa, wakazikwa hapa. Nani atathubutu kuwaita wajukuu wao wageni?

Na Handeni yatupa fundisho kubwa zaidi. Katika karne ya 19 njaa iliwasukuma Wazigua wengi hadi pwani, wakachukuliwa utumwani Somalia. Baadhi walitoroka, wakajenga vijiji katika bonde la mto Juba, nao wazao wao wakaitunza lugha ya Kizigua kizazi baada ya kizazi. Vita vilipoichafua Somalia mwaka 1991, wengine walikimbilia nchi ya mababu. Walipokewa wilayani Handeni, huko Mkuyu na baadaye Chogo, wakapewa mahali pa kulima, na wengi wao wakapata uraia. Watu hao hawakuwa wamebeba hata kikapu kimoja cha udongo wa Uzigua; walikuwa wamebeba lugha, kumbukumbu na umoja wao. Udongo hautoshi kufanya taifa. Taifa ni watu walioshikana.

Leo sala yetu yajaribiwa huko huko Handeni. Tangu Juni 2022 familia nyingi za wafugaji wa Kimasai zimehamia Msomera kutoka Ngorongoro. Serikali imesema kwamba wanahama kwa hiari, ili hifadhi isalimike. Wafugaji wengine wamelipinga jambo hilo, na baadhi ya wakazi wa zamani wa Msomera wamelalamikia mashamba yao. Kadhalika ugomvi wa wakulima na wafugaji si mgeni katika wilaya hizi.

Je, kuomba umoja ni kumfunga mdomo anayelia? La. Nabothi alipoteza shamba lake la mizabibu, na uhai wake pia, kwa mashahidi wa uongo. Naye Mungu hakumwambia anyamaze kwa ajili ya amani, bali alimtuma nabii Eliya amkabili mfalme. Umoja unaofunika dhuluma ni jeraha lililofungwa kabla ya kuoshwa. Asikilizwe mfugaji, asikilizwe mkulima, aliyeonewa arudishiwe haki yake.

Lakini kila mmoja na amkumbuke pia Abrahamu. Wachungaji wake walipogombana na wachungaji wa Loti, yeye aliye mkubwa alimwachia mdogo achague kwanza. Hakupungukiwa kitu.

Basi, wazazi wapenzi, wafundisheni watoto maana ya sala hii, nanyi mwithibitishe kwa matendo. Mkiitwa barazani kushuhudia mpaka, semeni kweli, hata ikiwa kweli yamfaa mtu wa kabila jingine. Ng'ombe wakiingia shambani, mwiteni jirani kabla ya kushika rungu. Nawe mwenye ng'ombe, lipa hasara pasipo kungoja kushtakiwa. Anayeliondoa jiwe la mpaka usiku, kisha akasimama asubuhi kuiombea nchi baraka, ameikana sala yake kwa mikono yake mwenyewe.