Jina Lililochongwa Kwenye Kalamu

Wanafunzi wangu wa madrasa hapa Sindeni wanaipenda sana hoja hii: kila kilichotengenezwa kina aliyekitengeneza, ulimwengu umetengenezwa, basi upo mkono ulioutengeneza. Ni hoja njema na naiamini. Ila wengi wao huivuta hadi mahali isikofika. Hudhani kwamba ukikitazama kitu vizuri utamjua na mwenye kukitengeneza ni nani. Wakifika hapo huwawekea mkekani kalamu ya wino ya marehemu baba, aliyekuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, nikawaambia: haya, nitajieni fundi wake.

Mwenye macho makali husoma maandishi yaliyochongwa mwilini. Kuna neno Relief, kuna na jina Esterbrook. Hujibu papo hapo: Esterbrook. Nani atamlaumu? Esterbrook ni jina kubwa, kampuni ya Marekani iliyokuwa na makao Camden, New Jersey, iliyosifika kwa nibu za chuma tangu karne ya 19. Lakini kalamu hizi za Relief zilizouzwa Uingereza zilitengenezwa na Conway Stewart wa London, kwa oda ya Esterbrook. Wala si kalamu hizo peke yake. Langs wa Liverpool na Mentmore wa London nao walitengeneza kalamu zilizokwenda sokoni kwa majina ya watu wengine. Na nibu nyingi za wakati ule ziligongwa maneno "Warranted 14 ct" tu: yanakupa kiwango cha dhahabu, fundi hayamtaji.

Asili ya kalamu ya baba niliithibitisha kwa msaada wa jirani yangu katekista, ambaye ana Conway Stewart yenye jina lake waziwazi, aliyoachiwa na baba yake mwalimu. Tulizilaza kalamu mbili juu ya meza yake, tukashika lenzi. Tukalinganisha kijiti cha pembeni kinachokandamiza kifuko cha mpira ili kalamu inywe wino, tukalinganisha kibanio cha mfukoni, tukalinganisha hesi za kifuniko.

"Ustadhi," akasema, "hawa ni wa tumbo moja."

Tofauti ilikuwa kwenye nibu. Ya baba imekatwa mshazari kuelekea kushoto, kama zilivyokuwa nibu za Relief, na chembe ya madini magumu iliyo nchani imelika upande mmoja. Hapo nilimwona baba kuliko nilivyomwona fundi: namna alivyoulaza mkono juu ya daftari la mahudhurio ya wakata mkonge, miaka nenda miaka rudi.

Na ukishafika Conway Stewart, bado. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1905 na Frank Jarvis na Tommy Garner. Hakuna Conway kati yao, wala Stewart. Aliyekaa kwenye kiti akaisaga ncha ile ya nibu, huyo hakuna pahala alipoandikwa.

Mwanafalsafa David Hume, katika kitabu chake cha mazungumzo juu ya dini kilichotoka mwaka 1779, aliliona jambo hili. Ukistaajabia merikebu, alisema, usije ukamsifu seremala mmoja kwa ujuzi uliokusanywa na wengi, vizazi kwa vizazi. Akaongeza lililo zito zaidi: ulimwengu hatuna wa pili wa kuulinganisha nao. Namkubalia hapo, tena bila kinyongo. Sisi tuliipata kalamu ya baba kwa sababu ilikuwepo ya katekista. Mbingu na ardhi utazilaza kando ya nini?

Lakini Imamu Ghazali alikuwa ameshaugusa upungufu huu karne nyingi kabla yake. Katika kitabu chake Ihya anamtaja mdudu chungu anayetembea juu ya karatasi. Anaiona ncha ya kalamu ikiitia karatasi weusi, anadhani ncha ndiyo mwandishi, kwa kuwa macho yake hayafiki kwenye vidole, seuze mkono, seuze aliye na mkono. Kazi inakujulisha kuwa yupo. Jina lake na anachotaka kwako havisomeki kwenye kazi; sharti uambiwe. Ndiyo maana sisi wa Pwani na Bara yake, tuliolelewa katika itikadi ya Ash'ari, tunasema wajibu hauji kwa akili peke yake, huja kwa ujumbe. Katekista naye, kwa njia yake, anasema Mungu alijitambulisha mwenyewe. Tunatofautiana alijitambulisha vipi, na hilo si dogo kwetu sote.

Binti mmoja wa darasa la juu aliniuliza: kama kalamu inaweza kubeba jina lisilo la fundi wake, tutajuaje kwamba habari tuliyoletewa haikubadilishwa jina njiani?

Nilifurahi mno. Nikamwambia habari hupimwa kwa wachukuzi wake. Habari za Jarvis na Garner hatukuzisoma kwenye kalamu, tulizipokea kwa watu, na kila aliyezipokea ana haki ya kuuliza: wewe umezitoa kwa nani, na yeye kwa nani, je, walikutana, walikuwa wakweli? Wanazuoni wetu wa hadithi walikesha kwa maswali hayo, wakawachambua wapokezi mmoja mmoja, wakamkataa hata mcha Mungu aliyekuwa na kumbukumbu dhaifu. Siku hiyo tuliiacha tauhidi, tukaanza somo la sanadi.