Povu na Kileo: Kinywaji cha Furaha kwa Mtu wa Chula

Wanazuoni wa mwanzo wa fikihi walipoulizwa maji ya zabibu hugeuka mvinyo wakati gani, mojawapo ya alama walizotaja ni povu. Kwa Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, khamri kamili ni maji mabichi ya zabibu yaliyochemka yenyewe bila moto, yakawa makali, yakatupa povu. Maelezo hayo yangetosha pia kueleza shampeni. Hamira hula sukari, hutoa kileo na hewa ya kaboni, na hewa hiyo, kwa kukosa pa kutokea, hujificha ndani ya mvinyo mpaka kizibo kitakapofunguliwa. Suala la Mwislamu anayetaka kinywaji cha sherehe chenye mapovu, na ambaye fedha zake ni chache, linaanzia hapa: kilichoharamishwa ni povu, au ni kitu kingine kilichokuja pamoja nalo?

Mwislamu huyo na awe Mbajuni wa Chula, kisiwa kidogo cha Somalia kati ya Kismayu na Ras Kiamboni. Wabajuni ni wa madhehebu ya Shafii kama sehemu kubwa ya pwani ya Waswahili, na jibu la madhehebu hayo ni wazi. Abu Hanifa aliitenga khamri ya zabibu na vileo vingine vingi, ambavyo kwake uharamu wake ulifungamana na kulewa. Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, hakuikubali tofauti hiyo. Kwake sababu ya hukumu ni ulevi, na chochote ambacho kingi chake hulevya, kidogo chake pia ni haramu, kiwe cha zabibu, tende, asali au mnazi. Povu basi ni dalili tu. Soda ina povu na ni halali; mvinyo uliotulia hauna povu na ni haramu.

Tembo la mnazi linaionyesha hoja hii vizuri zaidi kuliko kitabu. Likigemwa asubuhi ni tamu kama maji ya sukari. Hamira ya hewani huliingia papo hapo, na kufikia jioni limekuwa kali. Mnazi ni uleule na mgema ni yuleyule; kilichobadilika ni saa. Hadithi kuhusu nabidhi, yaani tende au zabibu kavu zilizolowekwa majini, zinafuata mantiki hiyohiyo: Mtume alikinywa kinywaji hicho kikiwa kichanga, na kilichobaki baada ya jioni ya siku ya tatu kilimwagwa.

Saa ndiyo pia inayouzwa katika shampeni, pamoja na jina. Sheria ya Ufaransa inataka shampeni ya kawaida ikae angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa, 12 kati ya hiyo ikiwa juu ya mashapo ya hamira, na ile ya mwaka mmoja maalumu wa mavuno ikae miaka 3. Zabibu lazima zichumwe kwa mkono, na zitoke mkoa wa Champagne pekee, kuzunguka miji ya Reims na Épernay. Nje ya mkoa huo, mvinyo unaoitwa crémant hutengenezwa kwa njia ileile ya kuchachusha mara ya pili ndani ya chupa, nao hukaa juu ya mashapo angalau miezi 9. Cava ya Hispania hali kadhalika. Prosecco ya Italia kwa kawaida huchachushwa ndani ya matangi makubwa, ndiyo maana ni rahisi zaidi. Mnywaji mwenye fedha kidogo anayenunua crémant hupata karibu kazi yote ya shampeni bila kulipia jina lake.

Hesabu hiyo haimhusu mtu wa Chula, lakini ipo nyingine inayomhusu. Tangu dola ya Somalia ivunjike mwaka 1991, Wabajuni wengi wamekimbilia Kenya, na wengine wamefika Uingereza, ambako madukani ziko chupa za aina mbili zinazofanana sana. Moja ni maji ya zabibu yaliyotiwa hewa ya kaboni. Nyingine ni mvinyo halisi ulioondolewa kileo, ambao huenda umebaki nacho hadi asilimia 0.5. Katika fikihi ya Shafii tofauti ya chupa hizo ni kubwa. Mvinyo ukigeuka siki wenyewe hutwaharika; binadamu akiugeuza kwa kutia kitu ndani yake, unabaki najisi. Kwa kipimo hicho ni vigumu kuona jinsi mtambo wa kiwandani utakavyoutwaharisha mvinyo. Maji ya zabibu hayakuwahi kuwa mvinyo hata siku moja. Kwa kawaida ndiyo pia ya bei nafuu, kwa sababu ile chupa ya pili imegharimiwa mara mbili: kutia kileo, kisha kukitoa. Hapa mfuko na sheria vinaelekea upande mmoja.

Bado kuna pingamizi la Ghazali (1058–1111), mwanachuoni wa madhehebu hayohayo. Katika kitabu chake Ihya anatoa mfano wa watu waliopamba baraza kama la walevi, wakapanga vikombe, wakamweka mnyweshaji, kisha wakanywa sikanjabini, siki iliyochanganywa na kitu kitamu. Kinywaji ni halali. Mkusanyiko ameuharamisha kwa kuigiza watu wa ufisadi. Hoja hii ni nzito kuliko asilimia zote za kileo, kwa maana inauliza mtu anataka nini hasa anapolipia kizibo kinacholia na karatasi ya dhahabu shingoni mwa chupa. Akitaka utamu na mapovu, amevipata. Akitaka aonekane kama anayekunywa shampeni, ameingia kwenye mfano wa Ghazali, na pesa aliyoiongeza kwa ajili ya sura hiyo ni israfu, hata iwe ndogo. Maji yaleyale ya zabibu, yakimiminwa kwenye jagi na kupitishwa kwa wageni pamoja na halua, kama inavyopitishwa sharbati, hayaigizi baraza la mtu yeyote.