Kijiko cha Mtoto ni Amana ya Baba Pia

  

Ndugu zangu Waislamu wa Kibirichia, kina baba na kina mama,

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, Mola wetu amepanga malezi ya mtoto mchanga kwa undani ambao wengi wetu tunaupita tukisoma haraka. Mama amewekewa muda wa kunyonyesha, miaka miwili kamili kwa anayetaka kuutimiza. Baba amewajibishwa chakula na mavazi ya mama huyo, kwa wema. Kumwachisha mtoto ziwa mapema kumewekewa sharti: wazazi waridhiane na washauriane. Na hapohapo tumeambiwa kwamba nafsi haikalifishwi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na kwamba mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mtoto wake. Tuishike sana hiyo sehemu ya mwisho, maana ndiyo inayovunjwa majumbani mwetu bila mtu kuuliza.

Sisi tumejaliwa. Huku kaskazini mwa Mlima Kenya ardhi haitunyimi: viazi vya Shangi, karoti, minji, kabichi, maziwa asubuhi na jioni. Lori linajazwa magunia, linaondoka. Sasa angalia sahani ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu katika nyumba hiyohiyo iliyouza. Viazi vilivyopondwa na kikombe cha chai ya sukari. Mchana viazi, usiku viazi. Maziwa yameuzwa, mayai yamekwenda dukani. Mtoto halii, tumbo limejaa, nasi twadhani tumemlisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa, karibu mmoja katika kila watano. Mtoto aliyedumaa si lazima akonde. Anacheza na wenzake, ila ni mfupi kuliko umri wake, na mara nyingi hata akili yake haikupata chakula cha kuijenga. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alifundisha kwamba inamtosha mtu kuwa na dhambi akiwapoteza wale anaopaswa kuwalisha.

Sisemi tusiuze. Biashara ni halali, na karo haingoji. Ila yai la mtoto litolewe kando kabla ya trei kwenda dukani, na kikombe chake cha maziwa kipimwe kabla mtungi haujatoka nyumbani. Miezi 6 ya mwanzo ni ziwa la mama pekee, hata maji hayahitajiki. Baada ya hapo uji wa wimbi uwe mzito, ukae kwenye kijiko bila kuchuruzika. Viazi vipondwe pamoja na maharagwe, minji au terere, na avokado ikipatikana iongezwe. Chai asipewe, kwa kuwa huzuia madini ya chuma ya chakula kuingia mwilini. Na ziwa liendelee. Hata katika Ramadhani sharia imempa ruhusa ya kufungua mama anayenyonyesha akichelea afya yake au ya mtoto.

Wanahistoria wamepokea kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab, Mungu amridhie, alikuwa akilinda msafara usiku mjini Madina akasikia mtoto analia. Akamwendea mama wa mtoto huyo mara ya kwanza, mara ya pili, kisha tena. Mwishowe mama akasema, bila kumjua, kwamba anamlazimisha mtoto kuacha ziwa kwa kuwa Umar hutoa posho kwa walioachishwa tu. Umar aliswalisha Alfajiri huku kilio kikizuia kisomo chake kusikika vizuri, kisha akaamuru kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu apewe posho yake. Mtawala alilia kwa sababu amri yake ilimfikia mtoto mmoja kifuani mwa mama. Sisi twaamua bei ya maziwa na mgao wa pesa za mavuno. Tujiulize maamuzi hayo yanamfikiaje mtoto.

Kisha yuko mtoto ambaye chakula kipo lakini hakimwingii. Ana mtindio wa ubongo, ulimi unakisukuma nje. Au amezaliwa na kaakaa lililopasuka, hawezi kuvuta ziwa, maziwa yanatokea puani. Wengine wana usonji, na hawagusi chakula ila cha aina moja. Mlo mmoja unaweza kumchukua mama saa nzima, na siku ina milo zaidi ya mitatu. Akichoka, mtoto hulazwa mapajani, kichwa kikarudi nyuma, uji ukamiminwa. Mwingine hubanwa pua ili afungue mdomo. Ndugu zangu, hapo chakula huweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia inayoua. Mkalishe mtoto wima, umeegemeza mgongo wake, kidevu kiinamishwe kidogo. Kaa mbele yake, uso kwa uso. Nusu kijiko, ngoja ameze, ndipo uongeze. Akikohoa, simama. Akimaliza, akae wima kama nusu saa. Mwenye kaakaa lililopasuka anaweza kukamuliwa maziwa ya mama akanyweshwa kwa kikombe kidogo, na upasuaji wa kurekebisha upo. Asiyeongeza uzito apelekwe kliniki na kijitabu chake, apimwe mkono kwa utepe. Kipimo chini ya sentimita 11.5, kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, ni hatari ya kutibiwa siku hiyohiyo.

Na tuache kusema mtoto huyu ni laana ya mama yake. Sura ya Abasa ilishuka kwa ajili ya kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, ambaye alikuwa muadhini wa Mtume na aliachiwa usimamizi wa Madina. Kumficha mtoto chumba cha nyuma ni kumnyima haki aliyopewa na Mola, na ambayo hata Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, imeiandika.

Baba, jifunze kushika kijiko hicho. Chakula cha jioni kiwe chako, mama apumzike. Nyanya na shangazi wafundishwe namna hiyohiyo ya kumkalisha, ili mama aweze kwenda shambani au kulala kwa saa mbili. Nasi jamaa wa msikiti tuzijue nyumba zenye watoto hawa. Familia inayostahiki zaka ipewe, ipate nauli ya kufika hospitali ya rufaa Meru. Fundi seremala aliye miongoni mwetu aunde kiti chenye mgongo mrefu na mkanda wa kifuani, na mwenye ng'ombe atenge lita moja kila asubuhi, ipelekwe na watoto wake wakienda madrasa.