Je, Hukumu Isiyosomeka Yamfunga Mtu?

Jioni moja ya mwezi wa Mei 2016, mzee mmoja jirani yangu wa Kadutu, hapa Bukavu, aliyekwisha kuisikia redioni hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Kongo na kuisikia tena sokoni kwa maneno mengine kabisa, alinijia nyumbani akaniuliza: "Mwalimu, hiyo karatasi yenyewe iko wapi?" Hakuuliza kama hukumu ile ilikuwa ya haki au ya dhuluma, aliuliza kama iko mahali ambapo mtu wa kawaida aweza kuishika mkononi na kuitazama. Ilikuwa ni hukumu ya tarehe 11 ya mwezi huo, yenye nambari R.Const. 262, iliyoifasiri ibara ya 70 ya Katiba kuwa rais ambaye muhula wake umekwisha hubaki kazini hata ashike kazi yule aliyechaguliwa baada yake.

Swali la mzee yule ni la zamani kuliko dola yetu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoeleza sheria ni kitu gani, hakutosheka kusema kwamba ni agizo la akili, kwa manufaa ya wote, kutoka kwa mwenye dhamana ya jamii. Aliongeza kuwa lazima itangazwe, na kutangazwa huko akakuhesabu kuwa sehemu ya sheria yenyewe wala si pambo lake. Wanazuoni wa Kiislamu nao hufundisha kwamba mja haadhibiwi kabla ujumbe haujamfikia. Na katika Kumbukumbu la Torati, Musa awaambia watu wake kuwa amri waliyopewa haiko mbinguni wala ng'ambo ya bahari, hata watafute mtu wa kwenda kuwaletea. Sisi wa Bukavu twajua maana ya kitu kilicho mbali: Kinshasa hatuifikii ila kwa ndege au kwa safari ya taabu, na tangu Februari 2025, mji wetu ulipotwaliwa na wapiganaji wa M23, umbali huo umezidi.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yasema katika ibara ya 62 kwamba hapana mtu anayedhaniwa kuwa haijui sheria. Yasema pia, katika ibara ya 21, kwamba kila hukumu iandikwe, itolewe sababu zake, na isomwe hadharani; na katika ibara ya 168, kwamba hukumu za Mahakama ya Katiba hazikatiwi rufaa na zawafunga wote, wenye mamlaka na raia. Basi, maadamu hapana mlango mwingine wa kubisha baada ya huo, naona dhima ya kumfikishia raia maneno ya mahakama hiyo ni nzito kuliko ya mahakama nyingine yoyote.

Niliitafuta hukumu ile jioni mbili, na kwa kuwa wengine watapita njia ile ile, nitaieleza. Kwanza yapasa kujua ni mahakama ipi. Palikuwapo Mahakama Kuu moja, ambayo Katiba ya 2006 iliigawa sehemu tatu: Mahakama ya Katiba, Mahakama ya Kasasioni na Baraza la Dola. Walakini Mahakama ya Katiba, yenye mahakimu 9, haikuanza kazi hadi mwaka 2015, na katika miaka hiyo ya kungoja ile Mahakama Kuu ya zamani ndiyo iliyoshika kazi yake. Kwa hiyo mwenye kuitafuta hukumu ya uchaguzi wa 2011 chini ya jina la Mahakama ya Katiba atahangaika bure. Kisha isomwe sheria ya tarehe 15 Oktoba 2013, nambari 13/026, iliyoiwekea mahakama hiyo taratibu zake. Baada ya hapo ni Gazeti Rasmi la Serikali. Katika intaneti ipo Leganet, yenye sheria za Kongo, na Juricaf, inayokusanya bila malipo hukumu za mahakama za juu za nchi zinazotumia Kifaransa. Hapa mjini usisahau maktaba za Chuo Kikuu cha Serikali na za Chuo Kikuu cha Kikatoliki, ukienda na tarehe na nambari ya hukumu mkononi, maana bila hivyo viwili mtunza maktaba hana pa kuanzia.

Nakala niliyoipata ilikuwa picha ya karatasi iliyopigwa upande, muhuri umefunika mwisho wa mistari, nami naisoma katika simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Aghalabu watu hukimbilia mistari ya mwisho, penye uamuzi. Lakini uamuzi hutaka kutiiwa tu, ilhali sababu ndizo zinazosema na dhamiri ya mtu, nazo hukaa katikati, baada ya ombi la walioshitaki na kabla ya tamko. Mzee alivaa miwani, akaweka kidole juu ya Kifaransa asichokijua, nami nikamsomea kwa Kiswahili. Mahali palipotajwa kwamba Dola haina budi kuendelea bila kukatika, aliniomba nirudie mara tatu. Hakukubaliana napo. Akaniomba nimwandikie nambari ile katika kipande cha karatasi, akakikunja pamoja na kadi yake ya mpiga kura.

Mahakama ya Juu ya Kenya ilipobatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, ilitoa sababu zake kamili tarehe 20 ya mwezi ule ule, na mtu yeyote aweza kuzisoma bure katika hazina ya Kenya Law. Naitaja kwa kuwa yaonyesha jambo lawezekana. Kwetu, ibara ya 142 yaiamuru serikali kuzieneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, katika muda wa siku 60. Ibara hiyo yataja sheria tu. Mimi naipitisha hadi kwenye hukumu kwa njia ya kiyasi, kwa sababu hukumu inayowafunga wote ina nguvu ya sheria, na sababu ikiwa moja hukumu yake ni moja.

Enyi vijana wa Bukavu mliosomea sheria, serikali isipofanya, fanyeni nyinyi: chukueni hukumu moja, itieni Kiswahili safi pamoja na sababu zake zote, muisome baada ya misa, baada ya sala ya Ijumaa na chini ya miti ya Kadutu, na karatasi yenyewe muiache hapo watu waishike.