Thawabu ya Mti Uliopandwa kwa Mkono wa Mwingine

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu Muislamu, ukitoka mjini Unguja ukapita Mtoni, ukapanda kilimani hata Kidichi, utakuta miti mingi ambayo asili yake si ya nchi hii: mdalasini, mkungumanga, iliki, mpilipili manga uparamiao mti wa jirani yake, mshokishoki, mdoriani, mlangilangi, na mzingefuri ambao mbegu zake hutia chakula rangi nyekundu. Ardhi ni moja na mvua ni moja, na kila mti una ladha yake na harufu yake. Nayo ni ishara ambayo Mwenyezi Mungu ametuzindua juu yake katika Sura ya Raad. Basi mwenye kwenda huko kwa mazingatio hafanyi upuuzi, ingawa wako wasemao kuwa matembezi ya mashamba ni mchezo wa wageni.

Walakini liko suala ambalo wengi hulipita. Imethibiti katika Sahihi mbili kwamba Muislamu akipanda mti, kila kitakacholiwa humo na mtu, au ndege, au mnyama, huandikiwa yeye kuwa ni sadaka. Je, sadaka ya miti ya Kidichi huandikiwa nani?

Wengi watajibu upesi: mwenye shamba. Watakutolea tarikh, kuwa mkarafuu ulifika hapa mwanzo wa karne ya 19, na kuwa Saleh bin Haramil al-Abri hutajwa kuwa ndiye aliyeuleta. Kisha Sayyid Said bin Sultan akaukuza ukilimo wake, na hapo Kidichi mwaka 1850 akamjengea mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, hamamu ambalo hata leo limesimama. Hata John Kirk, balozi wa Kiingereza, aliyekusanya miti ya ng'ambo katika bustani yake ya Mbweni kando ya bahari, jina lake halikupotea. Lakini mashimo ya miche ya karafuu hakuyachimba Saleh wala Sayyid. Yalichimbwa na watumwa waliotolewa bara, Nyasa na kwingineko, na majina yao hayakuandikwa popote.

Atasema mtu: bwana ndiye aliyenuia na kutoa mali, na mtumwa ni chombo tu mfano wa jembe. Neno hili halisimami. Jembe haliswali. Mtume, s.a.w., ametujulisha kuwa mtumwa mwenye kutimiza haki ya Mola wake na haki ya bwana wake ana ujira mara mbili. Chombo hakiahidiwi ujira. Tena katika riwaya ya Muslim imo kuwa hata kilichoibwa mtini ni sadaka ya aliyepanda. Mpandaji hakumnuilia mwizi kheri, na thawabu imemfikia vivyo hivyo. Basi mkono wa Muislamu uliofukia mche utanyimwaje?

Na jambo ni zito kuliko hivi. Wengi katika watu wale walikuwa waungwana, wakatekwa katika vijiji vyao wakauzwa. Sharia haikumhalalisha muungwana kuuzwa. Bali Mwenyezi Mungu amejifanya khasimu Siku ya Kiyama wa mwenye kumuuza muungwana akala thamani yake, na wa mwenye kumtumikisha mtu asimpe ujira wake. Hatuwahukumu waliokufa. Lakini mwenye khasimu kama huyo hatakuwa na raha ya kuhesabu karafuu zake.

Watasema: hayo yamekwisha. Tufani ya 1872 iling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, biashara ya watumwa ilipigwa marufuku 1873, amri ya 1897 ikaondoa hukumu ya utumwa, na baada ya 1964 mashamba yakagawiwa eka tatu tatu. Ni kweli. Walakini haki ya mtu haifi kwa kufa kwake. Wanavyuoni wengi wamesema kuwa haki ambayo mwenyewe hajulikani, wala warithi wake, hutolewa sadaka kwa niaba yake.

Basi mwenye mikarafuu Kidichi leo, na mtembezi aliyekula shokishoki chini ya kivuli (na kijana aliyempandia mnazi apewe ujira wake, asiambiwe mashaallah tu), wakitoa pishi moja au senti chache kwa maskini, na wawanuilie wale waliochimba. Hapana haja ya majina. Mola wao anayajua.